Jicho, Mkono na Zebaki: Namna Watoto wa Ukanda wa Dhahabu Walivyopimwa

Mtoto wa miezi sita hawezi kumwambia mama yake kwamba haoni vizuri. Hata yeye mwenyewe hajui, kwa kuwa hajawahi kuona kwa namna nyingine. Anachoweza ni kunyoosha mkono akakosa shabaha, kutogeuza shingo kitu kinapopita, au kuacha kutafuta kilichodondoka. Anayetaka kujua ubongo wa mtoto huyo unakua vipi hana budi kusoma macho na viungo vyake kwa pamoja. Kazi hiyo imefanyika kwenye maeneo ya uchimbaji mdogo wa dhahabu kaskazini mwa Tanzania, na namna ilivyofanyika inastahili kutazamwa hatua kwa hatua.

Chanzo cha wasiwasi kinajulikana na kila aliyewahi kufika mwaloni Geita, yaani mahali pa kuchenjulia dhahabu. Mawe yakitoka duarani, yaani kwenye shimo la machimbo, hupelekwa kwenye karasha, yakasagwa kuwa unga, unga ukaoshwa, kisha zebaki ikachanganywa humo, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hushikana na chembe za dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa motoni: zebaki hupaa kuwa mvuke, dhahabu hubaki. Wanawake wako katikati ya kazi hii, wakiponda, wakiosha na wakichoma, wengine wakiwa wajawazito. Mvuke ukishaingia mapafuni hufika kwenye damu, na kutoka hapo huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Arseniki nayo imo ndani ya miamba yenye dhahabu, na jiwe likisagwa hupata njia ya kuingia kwenye maji na udongo. Mwaka 2014 mtafiti Elias Nyanza na wenzake walichapisha vipimo vya maji, udongo na mihogo ya Rwamagasa, kijiji cha Geita chenye historia ndefu ya uchimbaji, wakiangalia madini haya mawili yamesambaa kiasi gani.

Kupima udongo ni rahisi kuliko kupima mtoto.

Hatua iliyofuata ilianzia kliniki za wajawazito. Kati ya mwaka 2015 na 2017, timu ya Nyanza kutoka Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi (CUHAS) cha Mwanza, ikishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, iliandikisha wanawake zaidi ya 1,000 waliokuwa katikati ya ujauzito. Wengi walitoka kwenye maeneo ya machimbo, na wachache maeneo yasiyo na machimbo ili pawe na ulinganisho. Zebaki ilipimwa kwa matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu, njia inayofaa mahali ambapo umeme na jokofu si vya kutegemea. Arseniki ilipimwa kwenye mkojo. Mama wakaendelea kufuatiliwa hadi kujifungua, na watoto wakapimwa walipokuwa na umri wa miezi 6 hadi 12.

Kipimo cha watoto hakikutoka Ulaya wala Marekani. Ni kile kinachoitwa MDAT, kilichotengenezwa Malawi na Melissa Gladstone na wenzake, na kuchapishwa mwaka 2010 baada ya kujaribiwa kwa watoto zaidi ya elfu moja wa vijijini. Kina sehemu nne: misuli mikubwa, kazi ndogo za mikono, lugha, na mahusiano na watu. Vitu visivyojulikana kijijini viliachwa, vikawekwa ambavyo mtoto wa kule huviona nyumbani kwao. Huo ulikuwa uamuzi wa busara. Ukimpa mtoto mdoli ambao hajawahi kuuona maishani, akausukuma pembeni, utakuwa umepima ugeni wa mdoli na si akili ya mtoto.

Sehemu ya kazi ndogo za mikono ndiyo inayoonyesha jinsi jicho na mkono vilivyofungamana. Mtoto mchanga huona vizuri umbali wa takriban sentimita 20 hadi 30 tu, yaani kutoka titi la mama hadi usoni pake. Akifika miezi miwili macho yake hufuata kitu kinachosogea. Kati ya mwezi wa tatu na wa tano macho mawili huanza kushirikiana kupima umbali, na ni katika kipindi hichohicho mkono huanza kunyooshwa ukapata. Mwezi wa sita hivi, kitu huhamishwa kutoka kiganja kimoja hadi kingine. Karibu na mwezi wa tisa au wa kumi, punje huokotwa kwa kidole gumba na cha shahada.

Mtazame mtoto akiokota punje ya mahindi mkekani. Kichwa kinatulia kwanza. Macho yanaganda kwenye punje, mkono unaanza safari, vidole vinapunguza upana vikingali hewani, kabla havijagusa chochote. Upana ule umekadiriwa na jicho. Mtoto asipoiokota, hitilafu inaweza kuwa kwenye vidole, kwenye shingo, kwenye ubongo unaoratibu, au kwenye jicho lenyewe.

Hapa ndipo udhaifu wa kipimo unapoonekana. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya watoto 439: wale ambao mama zao walikuwa na zebaki nyingi zaidi wakati wa ujauzito walielekea zaidi kuonyesha dalili za kuchelewa kwenye alama za jumla. Ni ushahidi mzito, na umetoka kwenye kliniki zetu wenyewe. Lakini alama ya kuchelewa haisemi ni kiungo gani kilichoanza kukwama. Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, ilionyesha kwamba sumu hiyo hushambulia sehemu ya nyuma ya ubongo inayopokea picha za macho pamoja na ubongo mdogo unaoratibu mwendo. Zebaki ya Minamata ilikuwa ya aina nyingine, iliyopitia kwenye samaki, ilhali ya mwaloni ni mvuke zaidi. Hata hivyo, funzo la kuchunguza kuona na mwendo kwa pamoja linabaki palepale, na kwa hiyo kumpima mtoto wa machimboni bila kumkagua macho kunaacha swali kubwa bila jibu.

Uhusiano huo wa jicho na mwendo una upande wa pili pia, kwa maana mwendo nao hulifundisha jicho. Mwaka 1960 Eleanor Gibson na Richard Walk waliwaweka watoto juu ya meza ya kioo yenye upande unaoonekana kama genge, na wengi wanaotambaa walikataa kuvuka hata mama alipowaita. Miaka ya baadaye Joseph Campos na wenzake walionyesha kwamba hofu hiyo hutegemea zaidi uzoefu wa kutambaa kuliko umri. Na malezi yanaweza kuuharakisha mwendo: kwa Wakipsigis wa Kokwet, Kenya, Charles Super aliandika mwaka 1976 kwamba watoto walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, kwa sababu wazazi waliwafundisha kwa makusudi, hata kwa kuwakalisha kwenye shimo dogo lililochimbwa ardhini.

Sasa fikiria mama wa mwaloni. Mwanawe anahitaji kutambaa ili ajifunze umbali, lakini ardhi anayotambaa juu yake ndiyo yenye vumbi la marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa, na mkono ulioshika ardhi huishia mdomoni. Akimfunga mgongoni kutwa nzima anamwepusha na vumbi, huku akimpunguzia nafasi ya kujifunza. Hakuna chaguo jema hapo isipokuwa kuchomea zebaki mbali na makazi na kumtafutia mtoto mahali safi pa kuchezea. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Mahali hapo safi pa kuchezea ni sehemu ya kuutekeleza.

Shinyanga kuna fundisho lingine kuhusu jicho na mwili, hata pasipo zebaki. Shule ya Buhangija imepokea watoto wengi wenye ualbino, baadhi wakikimbizwa huko kwa usalama baada ya mashambulizi dhidi ya wenye ualbino Kanda ya Ziwa. Kwa mtoto mwenye ualbino, kitovu cha retina hakikomai sawasawa, na macho huanza kuchezacheza katika miezi mitatu ya kwanza. Wengi hugundua wenyewe pembe ya shingo ambayo macho hutulia zaidi, wakainamisha kichwa upande huo. Mwalimu asiyejua humwambia mtoto huyo akae wima, na kwa agizo hilo moja anampokonya sehemu ya uwezo wake wa kuona.

Nafasi ya kugundua mambo haya mapema tayari ipo, na iko kwenye kadi ya kliniki. Ratiba ya chanjo humleta mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9. Wiki ya 6 muuguzi anaweza kuangalia kama mtoto anaukazia macho uso wa mama, na kumulika mboni kwa taa ndogo kutafuta weupe wa mtoto wa jicho. Wiki ya 14 aangalie kama macho yanafuata kitu na kama yanachezacheza. Miezi 9, wakati wa chanjo ya surua na rubela, amwekee kitu kidogo mbele yake chini ya uangalizi na kutazama jinsi anavyokichukua, halafu amzibe jicho moja kwa kiganja, kisha la pili, na kurudia. Mtoto anayelia na kukisukuma kiganja upande mmoja tu anaonyesha jicho analolitegemea, na huyo apelekwe kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo.