Blighty si Nyumbani kwa Kila Mtu

Kitabu cha John Brophy na Eric Partridge, Songs and Slang of the British Soldier 1914–1918, kilitoka 1930. Wengi hukifungulia nyimbo. Mimi nilinaswa na misimu, hasa neno moja: Blighty.

Kwa mwanajeshi aliyekwama kwenye mahandaki Ufaransa, Blighty ilikuwa Uingereza, nyumbani. Lakini neno lenyewe alilitoa India: bilayati, yaani kitu cha kigeni, cha kizungu. Nalo lilitoka kwa wilaya ya Kiarabu, ileile iliyotuzalia sisi Ulaya. Kumbe Blighty na Ulaya ni ndugu! Jamaa anaita kwao kwa jina alilopewa na watu waliomwona mgeni, na hata hashtuki.

Halafu kuna jeraha la Blighty: lile linalotosha kukurudisha nyumbani bila kukuua. Mguu umevunjwa na risasi, na wenzako wanakuonea wivu. Sheng pia hucheka hivyo, mambo yakiwa magumu.

Wanaosema huu ni ucheshi wa Kiingereza tu, zii. Cushy, yaani kazi laini, ni khush ya Kihindustani. Khaki ni rangi ya vumbi. Na wenye maneno hayo walikuwa mahandakini pia. Wanajeshi wa Kihindi walifika Ufaransa 1914. Wengi waliojeruhiwa walipelekwa Brighton, kwenye kasri la kifalme lililogeuzwa hospitali. Wamefika Blighty kabisa, na nyumbani bado ni ng'ambo ya bahari.