Mikono ya Smita Patil

Tuliokulia kwenye sinema za Kihindi, za Amitabh Bachchan hasa, tulimtazama Smita Patil zamani bila kumjua. Ni yule wa Namak Halaal ya mwaka 1982, anayecheza na steringi kwenye mvua, sari imelowa chapa. Inasemekana mwenyewe hakulipenda onyesho lile. Mimi jina lake nililishika baadaye sana, nilipoiona Mirch Masala, na tangu hapo nikawa nazisaka filamu zake moja baada ya nyingine, nikijua kwamba aliyezicheza alifariki akiwa na miaka 31 tu.

Kwenye Mirch Masala, iliyoongozwa na Ketan Mehta, mtoza ushuru wa enzi za Mwingereza anafika mtoni na askari wake wa farasi. Wanawake wanaoteka maji wanatimua mbio. Sonbai, ndiye Smita, habanduki. Anamweleza yule bwana kwamba wanyama hunyweshwa upande ule, hapa ni pa watu. Bwana anainama, anakinga viganja, naye anammiminia maji. Ukitazama juu juu utaona ujasiri, basi. Hebu tazama mikono. Mtungi ameushika kama mtu aliyeubeba tangu utotoni. Hauangalii wala hauhangaikii. Mikono inafanya kazi yake, macho yanampima mwanamume. Mambo mawili kwa wakati mmoja, na yote yanaaminika.

Hapo ndipo ulipo ufundi wake. Sinema imejaa warembo wanaoshika ungo au jembe, nawe unajua fika kwamba wamekabidhiwa dakika tano zilizopita. Smita akipepeta, akikamua au akifua, kazi inatangulia na uigizaji unaifuata. Uchungu wa mhusika hausemi kwa machozi. Unauona pale mkono unaposita kidogo, kisha ukaendelea.

Na wala hakuzaliwa shambani. Alizaliwa Pune mwaka 1955, baba yake mwanasiasa, mama yake mtu wa shughuli za jamii. Kabla ya filamu alikuwa akisoma taarifa ya habari kwa Kimarathi kwenye televisheni ya taifa mjini Bombay, na husimuliwa kwamba alikuwa akiivaa sari juu ya jinzi, maana kamera haikuonyesha miguu. Mwongozaji Shyam Benegal ndiye aliyemwona na kumwingiza kwenye filamu. Kwa hiyo ule ukulima, ule uchuuzi, ule umaskini wa vibanda vya Bombay anaoucheza kwenye Chakra, vyote alijifunza. Alijifunza kwa kukaa na watu na kuwatazama.

Manthan, ya mwaka 1976, ni mfano mzuri. Inahusu ushirika wa maziwa Gujarat, na waliogharimia ni wafugaji wenyewe, 500,000 kwa idadi, kila mmoja rupia mbili. Smita ni Bindu, mwanamke wa tabaka lililodharauliwa. Inasimuliwa kwamba wakati wa kupiga picha wageni walifika kijijini wakauliza mwigizaji yuko wapi, ilhali ameketi mbele yao katikati ya wanawake wa kijiji. Sijui sifa gani nyingine mwigizaji angeitamani zaidi ya hiyo.

Mwaka uliofuata akacheza Bhumika, iliyotokana na maisha ya Hansa Wadkar, mwigizaji wa Kimarathi wa kizazi kilichotangulia. Smita alikuwa bado msichana wa miaka ishirini na ushei, lakini anamchukua mhusika tangu ujana hadi utu uzima uliochoka. Wapambaji wamefanya lao, ndiyo, ila uzee ule hauko kwenye nywele. Uko kwenye mabega, na kwenye namna anavyochelewa kujibu anaposemeshwa. Tuzo ya taifa ya mwigizaji bora alipewa kwa filamu hiyo, akaipata tena kwa Chakra, na mwaka 1985 serikali ikamtunuku nishani ya Padma Shri.

Si kila alichocheza ni dhahabu. Katika muda wa miaka kumi na kitu aliigiza filamu zipatazo 80, na nyingi za zile za biashara angeweza kuzicheza yeyote. Nimezitazama baadhi kwa subira, nikisubiri dakika mbili tatu ambazo atasahauliwa na mwongozaji na kuachwa afanye kazi. Huwa zipo.

Alifariki Desemba 13, 1986, kwa matatizo ya uzazi, wiki mbili tu baada ya kumzaa mwanawe. Mirch Masala ilitoka yeye hayupo.

Manthan imekarabatiwa na kuonyeshwa kwenye tamasha la Cannes mwaka 2024, kwa hiyo sasa inatazamika vizuri. Asiyemjua aanze na hiyo, kisha Mirch Masala. Bhumika aiweke mwisho, aitazame usiku ambao hana haraka ya kulala.