Onyo ni Mali ya Nani? Rugerero na Uundaji wa Riwaya ya Kiswahili ya Distopia ya Kimazingira

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna riwaya ya Kiswahili ya distopia inayohusu kuporomoka kwa mazingira inavyoweza kuundwa kutokana na mahali mahususi, yaani tarafa ya Rugerero katika wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda. Yanadai kwamba riwaya za Kiswahili zilizosawiri maangamizi ya dunia zimeyaweka mahali pasipotambulika, ilhali mapokeo ya distopia kutoka nje yamezoea kumfanya adui kuwa ni mamlaka inayopima na kuamuru. Misingi yote miwili haitoshi kwa Rugerero, ambako kupima na kuamuru ndiko kunakookoa maisha. Makala yanapendekeza kwamba kiini cha hofu katika riwaya ya aina hii kiwe ni onyo linalokoma kuwa mali ya wote, na yanaonyesha kwa nini suala hilo ni la lugha pia.

1.0 Utangulizi

Neno distopia linatumika hapa kumaanisha jamii ya kubuni ambayo utaratibu wake wenyewe umegeuka kuwa adhabu kwa wanaoishi ndani yake. Tafsiri hii inatenganisha distopia na masimulizi ya majanga. Mafuriko peke yake ni janga. Distopia huanza pale jamii inapojipanga upya kuyazunguka mafuriko hayo, ikaamua nani alale bondeni na nani alale mlimani, kisha ikauita mpango huo kawaida. Kwa maana hiyo, mwandishi wa bunilizi ya kisayansi kuhusu mazingira analazimika kujua mambo mawili: jinsi asili inavyofanya kazi na jinsi taasisi zinavyofanya kazi.

Rugerero inafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mambo hayo mawili yanaonekana kwa pamoja katika eneo dogo. Mto Sebeya unapita hapo ukielekea Ziwa Kivu. Mji wa Gisenyi uko jirani, na ng'ambo ya mpaka upo mji wa Goma, ulio chini ya volkano ya Nyiragongo. Mwandishi anayetaka kubuni maangamizi mahali hapa anakutana na tatizo ambalo mwandishi wa mahali pengine halijui: mengi ya yale ambayo angeyabuni yamekwisha kutokea, na watu wamerudi nyumbani.

2.0 Maangamizi Yasiyo na Mahali

Si kweli kwamba riwaya ya Kiswahili haina mapokeo ya kubuni dunia iliyoharibika. Katika *Mzingile* (1991), Euphrase Kezilahabi anamwongoza msomaji hadi kwenye dunia ya baada ya maangamizi. Katama Mkangi, katika *Walenisi* (1995), anamrusha mtu aliyehukumiwa kufa hadi sayari nyingine ambako jamii imepangwa kwa namna tofauti, na jina lenyewe la sayari hiyo linamrudisha msomaji kwake: wale ni sisi. Kyallo Wadi Wamitila, katika *Bina-Adamu!* (2002), anampitisha mhusika wake katika dunia ya utandawazi iliyojaa makovu ya vita na uporaji.

Kazi hizi zimehakikiwa kwa kina, hasa kwa mkabala wa uhalisiamazingaombwe na usasabaadaye. Ubora wake hauna shaka. Hata hivyo zina sifa moja ya pamoja ambayo uhakiki haujaitilia uzito wa kutosha: maangamizi yake hayana anwani. Mandhari ni jangwa, magofu, njia zisizo na majina. Kutokuwa na anwani kuliipa riwaya uhuru wa kuuliza maswali makubwa kuhusu binadamu, historia na ukoloni. Kwa suala la mazingira, uhuru huo una gharama. Mazingira hayaharibiki kwa ujumla. Huharibika katika bonde fulani, kwa sababu msitu fulani ulikatwa, na maji yanabomoa kuta za watu wanaojulikana kwa majina.

Filamu fupi ya Wanuri Kahiu, *Pumzi* (2009), ilijaribu njia nyingine. Inasawiri Afrika Mashariki ya baadaye, baada ya vita vya maji, ambapo watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa na mamlaka inasisitiza kuwa nje hakuna uhai. Mhusika mkuu, Asha, anapata udongo wenye uwezo wa kuotesha mbegu, naye anaitoroka mamlaka hiyo. Kwa mtafiti wa lugha, jambo moja halipiti bila kuonekana: jina la filamu ni la Kiswahili, na mazungumzo yake ni ya Kiingereza. Kiswahili kimepewa mlango; ndani ya nyumba hakisikiki.

3.0 Mto, Mlima na Ziwa

Rugerero ina vyanzo vitatu vya hatari, na kila kimoja kina mwendo wake wa wakati. Kwa muundaji wa riwaya, tofauti hiyo ya mwendo ina thamani kuliko ukubwa wa maafa yenyewe.

Mto ni hatari ya msimu. Sebeya huanzia katika nyanda za juu za Gishwati. Msitu wa Gishwati, uliokuwa na takriban hekta 28,000 katika miaka ya 1970, ulibaki na hekta 600 hivi mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya ardhi kugeuzwa malisho na mashamba na baada ya wakimbizi wanaorejea kupewa makazi humo. Sehemu iliyosalia na iliyorejeshwa iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura kwa sheria ya mwaka 2015. Mlima ukivuliwa miti, mvua haizami ardhini. Hushuka na udongo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 130 nchini Rwanda, wengi wao katika Mkoa wa Magharibi, na Sebeya ilivamia makazi ya Rugerero na tarafa jirani. Hapa mwandishi anapewa kitu ambacho distopia nyingi hukosa, yaani mnyororo wa sababu usio na mhalifu mmoja. Aliyekata mti alikuwa akitafuta pa kulima. Aliyezama bondeni hakuwahi kukutana naye.

Mlima ni hatari ya ghafla. Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, kisha tarehe 17 Januari 2002, uji wa moto ulipopita katikati ya Goma hadi ziwani na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia, wengi wao wakivuka kuingia Gisenyi. Ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Safari hii uji wa moto ulisimama kabla ya kufika katikati ya mji, lakini matetemeko yaliyofuata yalipasua majengo pande zote mbili za mpaka. Siku chache baadaye sehemu kubwa ya Goma iliamriwa kuhama.

Kiswahili kina methali iliyozoeleka kuhusu nyufa: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hiyo inamchukulia mwenye nyumba kuwa ndiye mwenye uwezo na wajibu. Ufa wa Mei 2021 ulitoka chini ya nyumba. Hakuna saruji ya kuuziba, na aliyezembea hayupo. Riwaya itakayomweka mzee akiitamka methali hiyo mbele ya ukuta uliopasuka, kisha akagundua kwamba haitoshi, itakuwa imesema jambo zito kuhusu hekima ya jadi katika zama za mabadiliko ya mazingira bila kuhubiri.

Ziwa ni hatari ya kimya. Katika vilindi vya Kivu zimeyeyuka gesi nyingi: takriban kilomita za ujazo 300 za kabonidioksidi na 60 za methani, zikipimwa kwa kanieneo ya kawaida. Zimetulia kwa sababu maji ya chini ni mazito kuliko ya juu na uzito wa ziwa unazikandamiza. Dunia inajua kinachoweza kutokea utulivu huo ukivunjika, kwani mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kameruni, lililo dogo mno likilinganishwa na Kivu, liliachia gesi iliyoua watu 1,700 hivi. Wakati huohuo methani hiyo ni nishati. Tangu mwaka 1963, gesi iliyovunwa Rubona ilitumiwa na kiwanda cha bia cha Gisenyi. Na mtambo wa KivuWatt, upande wa Karongi, huzalisha megawati 26. Maji ya vilindi hupandishwa, gesi hutenganishwa, maji hurudishwa chini. Kina yanamorudishwa lazima kichaguliwe kwa uangalifu, yasije yakavuruga tabaka zinazolifanya ziwa litulie. Kiokozi na kiuaji ni kitu kimoja, na kinachovitenganisha ni kipimo.

4.0 Nani Adui?

Mapokeo ya distopia yaliyoenea duniani yana shaka ya msingi juu ya mamlaka inayopima, inayosajili na inayoamuru. George Orwell aliwafunza wasomaji kuogopa jicho linalotazama. Wasomaji wa Kiswahili wamemfahamu tangu 1967 kupitia *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere. *Pumzi* nayo inafuata mkondo huo: mamlaka inaficha, shujaa anafichua, ukweli uko nje ya ukuta.

Mwandishi atakayeuhamishia Rugerero muundo huo bila kuugeuza ataandika uongo. Mahali hapa, chombo kinachopima mtikisiko wa ardhi, mtu anayesoma kimo cha mto usiku na amri ya kuhama bonde ni mambo yanayotenganisha uhai na kifo. Familia inayoambiwa ihame eneo hatarishi inaweza kupoteza shamba, majirani na makaburi ya wazazi, na hasara hiyo inastahili kusimuliwa kwa uaminifu. Lakini anayeiambia ihame si lazima awe dhalimu. Riwaya inayomsawiri kila ofisa kama dhalimu inamwandaa msomaji kutolisikiliza onyo, na katika bonde la Sebeya msomaji wa namna hiyo anaweza kufa.

Je, hofu ikae wapi? Makala haya yanapendekeza ikae katika umiliki wa kipimo. Tuchukulie mwaka ambao ziwa bado linapimwa, na kwa usahihi kuliko leo, ila matokeo yamekuwa bidhaa. Mtaa uliolipia unapata taarifa saa sita kabla. Mtaa usiolipia unaisoma taarifa hiyo katika mwenendo wa wale wa kwanza, ukiwaona wakifunga mizigo. Hakuna anayedanganya. Hakuna ukuta wala polisi wa fikra. Kuna ukimya tu uliogawanywa kwa kiwango cha kipato. Distopia ya namna hiyo inatokana na mantiki ya mahali, na inamgusa mshauri wa sera kwa njia ambayo kisa cha dikteta hakiwezi kumgusa: inamwuliza onyo ni huduma ya umma au ni mali ya kuuzwa.

5.0 Lugha ya Onyo

Kipimo hakimfikii mtu mpaka kigeuzwe kuwa sentensi. Sentensi hiyo itasemwa kwa lugha gani? Rugerero inazungumza Kinyarwanda, na Goma inazungumza Kiswahili. Mpakani, kwenye kivuko ambacho maelfu ya watu hukipita kwa miguu, Kiswahili ndicho kinachopanga bei ya nyanya na ndicho kilichosikika wakati wa kukimbia. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na hufundishwa katika shule za sekondari. Lakini kati ya Kiswahili cha mtihani na Kiswahili cha usiku wa kuhama kuna pengo ambalo riwaya inaweza kulionyesha vizuri kuliko ripoti.

Kiswahili cha eneo hili hakihitaji kuomba istilahi. Wakazi wa ukanda wa Goma huziita *mazuku* zile gesi nzito zinazotoka ardhini na kutuama kwenye mabonde, na neno hilo limechukuliwa na wanavolkano wa kimataifa katika maandishi yao. Mazuku hulala chini kwa sababu kabonidioksidi ni nzito kuliko hewa. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupumua mahali ambapo mbuzi amekufa, na mtoto yuko hatarini kabla ya mama anayemshika mkono. Mwandishi hana haja ya kubuni silaha ya kutisha zaidi ya hiyo: hatari inayoua kwa kimo, ikianza na wafupi. Ana neno tayari, lililozaliwa katika lugha yake na kukubaliwa na sayansi.

Hapa pana funzo kuhusu uundaji wa bunilizi ya kisayansi kwa Kiswahili. Mjadala mwingi huuliza jinsi ya kutafsiri istilahi za kisayansi kutoka lugha nyingine. Mazuku yanaonyesha mwelekeo wa pili. Wanaoishi na hatari wameipa jina kabla ya maabara, na kazi ya mwandishi ni kusikiliza kabla ya kusanifu.

6.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha kwamba riwaya ya distopia ya kimazingira kutoka Rugerero itahitaji kupewa anwani kamili, kutofautisha mwendo wa mto, mlima na ziwa, na kuikataa njia rahisi ya kumfanya mpimaji kuwa adui. Kuna sharti la kimaadili pia. Waliofariki Mei 2023 wana ndugu wanaosoma; kuyatumia maafa yao kama pambo la ploti ni kuwazika mara ya pili. Kusogeza kisa katika wakati ujao kunampa mwandishi nafasi ya kuuliza swali bila kuyapora makaburi.

Kwa washauri wa sera, makala yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, msamiati wa tahadhari za majanga katika ukanda wa Kivu ukusanywe kutoka kwa wasemaji wa pande zote za mpaka, kisha usanifiwe kwa Kiswahili na Kinyarwanda kwa pamoja, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina nafasi ya kuiratibu kazi hiyo. Pili, tuzo za uandishi na mitaala ya sekondari iipe bunilizi ya kisayansi nafasi yake, kwa kuwa mwanafunzi wa Rugerero aliyesoma kisa cha mtaa uliokosa onyo ataliuliza ziwa lake maswali ambayo jedwali la takwimu halimfundishi kuuliza. Ataanza na lile la msingi: nani anapima leo, na matokeo yanabandikwa wapi?