Kishikizo Kizuri Hakibani: Namna ya Kupima Kazi ya Fundi wa Meno Bandia

Mtu akikabidhiwa meno bandia ya kuvaa na kuvua, jambo la kwanza huyavuta. Yakigoma kutoka, anafurahi na kumsifu fundi. Kipimo hicho kinapotosha. Kubana ni rahisi: yeyote mwenye koleo anaweza kuupinda waya mpaka ukakwama kwenye jino. Kazi ya kusifiwa ni ya yule anayetengeneza kishikizo, yaani chuma kinachoyashikiza meno bandia kwenye jino la asili, ambacho, meno yakishakaa mahali pake, kinatulia bila kusukuma wala kuvuta, kisha kinashika pale tu halua inaponata na kutaka kuyainua.

Jino halikupigiliwa ndani ya mfupa. Limeshikwa na nyuzi laini, na likisukumwa kidogo kidogo mchana kutwa huhama. Ndivyo madaktari wanavyonyoosha meno ya watoto kwa waya. Kishikizo kinachobana hufanya kazi hiyohiyo bila mtu kukusudia, na jino ambalo lingedumu miaka mingi linaanza kucheza.

Kwa hiyo anza kwa kulitazama jino lenyewe, lile la nguzo, yaani linaloshikwa na kishikizo. Kila jino lina tumbo: pahala lilipotuna, kisha chini yake likaingia ndani kuelekea ufizi. Fundi makini huiweka modeli ya plasta kwenye saveya, kifaa chenye risasi ya penseli iliyosimama wima, akaizungusha modeli mpaka mstari uchoreke pale jino lilipotuna zaidi. Mstari huo ndio ramani ya kazi nzima. Omba kuiona modeli. Ukikuta plasta nyeupe isiyo na mstari wowote, jua kishikizo kilikisiwa kwa macho.

Mkono wa kishikizo huanzia juu ya mstari, na theluthi yake ya mwisho tu ndiyo huvuka kwenda chini. Kwa kobalti-kromu, chuma kigumu kinachosubiwa kwenye maabara, ncha haipaswi kuzama zaidi ya robo ya milimita hivi ndani ya mbonyeo ule. Waya uliopindwa kwa mkono unanyumbuka zaidi, hivyo huvumilia hadi nusu milimita. Mkono mzima ukilala chini ya mstari, meno hayataingia bila kulazimishwa. Ukilala wote juu, hakuna kinachoshikwa.

Sasa utazame mkono wenyewe kwenye mwanga, ukiugeuza taratibu. Unapaswa kuwa mnene shinani na kupungua hatua kwa hatua, kama ufito wa mvuvi, hadi unene wa ncha uwe karibu nusu ya ule wa shina. Hapa urembo na hesabu vimekutana. Mkono ukirefushwa mara mbili, unyumbufu wake huongezeka mara nane. Unene wake ukipunguzwa kwa nusu, vivyo hivyo. Fundi aliyeacha mkono mfupi na mnene kila mahali ameweka nondo juu ya jino hai. Aliyesugua katikati ukawa mwembamba kuliko ncha ametengeneza mahali pa kuvunjikia. Kwenye waya, pitisha ukucha taratibu: penye alama ya meno ya koleo, waya utakatika hapo siku moja.

Upande wa pili wa jino pawe na mkono mwingine, mgumu, usionyumbuka, uliolala juu ya mstari. Huu ndio mlinzi. Ncha inapopita juu ya tumbo hulisukuma jino, na mlinzi hulizuia lisiyumbe. Vaa meno polepole mbele ya kioo uangalie nani anafika kwanza. Mkono unaoshika ukiligusa jino huku mlinzi bado yuko hewani, basi kila asubuhi jino litasukumwa kando kabla ya kupata msaada. Mikono miwili kwa pamoja ilikumbatie jino zaidi ya nusu ya mzingo wake, la sivyo litateleza na kutoka.

Juu ya jino pawepo kikalio, kijisehemu cha chuma kinachokaa kwenye kishimo chenye umbo la kijiko. Chuma hicho kiwe na unene wa milimita moja au zaidi kidogo, na kishimo hukatwa na daktari kabla ya kuchukua kipimo cha kinywa. Ukiuma na kuhisi chuma kinagonga kabla ya meno mengine, mara nyingi ni kwa sababu kishimo hakikukatwa. Mimi kikalio nakipa uzito kuliko kitu kingine chochote. Bila hicho, meno bandia huzama kidogo kidogo, vishikizo vikashuka na kuukwangua ufizi mpaka mzizi wa jino ukabaki wazi.

Mtihani mkubwa wa fundi ni taya la chini lililopoteza magego pande zote mbili. Katika mpangilio ambao daktari wa meno Edward Kennedy aliutoa mwaka 1925, hilo ndilo kundi la kwanza. Mbele kuna jino la nguzo. Nyuma hakuna kitu, meno bandia yanalalia ufizi, na ufizi unabonyea. Kila tonge linapotafunwa, upande wa nyuma unashuka na mengine yote yanazunguka juu ya kikalio. Kikalio kikiwekwa nyuma ya jino huku ncha ya kishikizo ikiwa mbele yake, nyuma ikishuka ncha inapanda, inaling'ang'ania tumbo la jino na kulivuta. Mwaka 1963 daktari wa meno Mmarekani, Kratochvil, alipendekeza kikalio kihamishiwe upande wa mbele wa jino, na kishikizo kiwe kijiti chembamba kinachopanda kutoka upande wa ufizi. Nyuma ikishuka, ncha nayo inashuka na kuliachia jino. Daktari mwingine, Krol, aliuboresha mpango huo mwaka 1973.

Hili unaweza kulishuhudia mwenyewe. Meno yakiwa mdomoni, mtu mwingine abonyeze upande wa nyuma kwa kidole, wewe utazame ncha. Ikishuka au ikijitenga na jino, fundi na daktari wamefikiri. Ikipanda na jino likatikisika, yarudishe siku hiyohiyo.

Kijiti hicho hakimfai kila mtu. Shina lake linatakiwa lipite umbali wa milimita tatu au zaidi kutoka ukingo wa ufizi, kwa hiyo penye nafasi finyu kati ya ufizi na shavu, au penye mbonyeo mkubwa wa mfupa, kitadaka chakula na kuchubua shavu. Hapo ningechagua waya wa mviringo uliounganishwa na chuma, unaonyumbuka kila upande. Kwa pengo lenye meno imara mbele na nyuma, kishikizo cha kawaida cha mikono miwili kinatosha.

Katika miji yetu wengi huvaa akriliki yenye vishikizo vya waya, kwa sababu ya bei, na sioni aibu yoyote humo. Waya uliopindwa vizuri ni kazi ya heshima. Ila dai kikalio, hata kiwe cha waya uliobapwa ncha. Yale ya plastiki laini yanayopinda, yanayosifiwa kwa kutoonesha chuma, mengi huja bila kikalio, nami siyapendekezi kwa mtu aliyepoteza magego yote ya nyuma.

Vishikizo vingi si dalili ya kazi nzuri. Kila kimoja hufuga ukoga, na jino chini yake huoza lisiposafishwa. Kwa taya nililolieleza, viwili vinatosha, kimoja kila upande.

Ukishayachukua, usiyasukume kwa kuyauma. Yaingize kwa vidole, yavue usiku, usugue meno ya nguzo kila siku. Kishikizo kikilegea, usikipinde nyumbani. Kobalti-kromu haipendi kupindwa na hukatika ghafla. Mpelekee aliyekitengeneza, ukamwambie akuoneshe modeli kwanza kabla hajashika koleo.