Nimekigusa Kimondo cha Mbozi!

Jamani, nimekiona! Tani 16 za chuma, urefu wa mita 3 hivi, kimelala kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, kijiji cha Ndolezi, mkoa wa Songwe, Tanzania. Kutoka kwetu Wamaza, mashariki mwa Kongo, unaifuata ile njia ya kale ya misafara iliyotoka Kasongo, kupitia Kabambare, mpaka Ziwa Tanganyika. Unavuka, kisha unashuka kusini kwa mabasi hadi upande wa Tunduma. Inachosha kweli kweli. Nenda hivyo hivyo. Kama nauli huna, kopa.

Najua wajuzi watasema Hoba ya Namibia ni kubwa zaidi, tani 60 hivi. Sawa, wabaki nayo. Mimi nimeweka kiganja juu ya Mbozi, chuma kimepata moto wa jua la mchana, kimejaa mashimo na mabonde, nami nikawa najua ninachokishika: utumbo wa kisayari, mmoja wa miili ile midogo iliyozijenga sayari zote, na Dunia yetu ikiwemo.

Turudi nyuma miaka bilioni 4.567. Jua ni changa, limezungukwa na sahani pana ya gesi na vumbi. Vumbi linagandana, linakuwa changarawe, halafu mambo yanakwama. Changarawe zikigongana zinadundana tu, hazishikani. Na jiwe likibahatika kufikia mita moja, gesi inalipunguzia mwendo mpaka linajongea Juani na kupotelea huko. Mrusi Viktor Safronov alishaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 jinsi sayari zinavyokua kwa visayari, yaani miili ya kilomita kadhaa hadi mamia, kugongana na kuungana. Lakini changarawe ilifikaje ukubwa huo? Jibu linalonikosesha usingizi lilitolewa 2005 na Andrew Youdin na Jeremy Goodman. Changarawe zikisafiri ndani ya gesi hujikusanya zenyewe. Penye nyingi, gesi hushindwa kuzipunguza mwendo, kwa hiyo zinazokuja nyuma huzifikia na kujiunga nazo. Kundi linanenepa, linanenepa, hadi uzito wake wenyewe unalibomoa kuelekea ndani, na hapo hapo umepata kisayari cha kilomita 100! Ile hatua ya mita moja imerukwa kabisa. Nani angebuni kitu kizuri hivyo?

Visayari vilivyowahi kuzaliwa, ndani ya miaka milioni moja hivi ya mwanzo, vilikuwa na moto tumboni: alumini-26, ambayo nusu yake huoza kila miaka kama 700,000 na kutoa joto. Vikayeyuka. Ndugu yangu unayeosha mchanga wa dhahabu kule Salamabila, wewe huhitaji mwalimu kwa kinachofuata, maana umeshaona dhahabu ikibaki chini ya karai maji yakichukua vyepesi. Chuma na nikeli vikazama katikati, mawe yakabaki juu. Baadaye kisayari kikagongwa na wenzake, kikapasuka, kiini kikawa wazi. Kipande kimoja kikaja kutua Mbozi.

Ndiyo maana kimondo hiki ni chuma kiasi cha asilimia 90, na karibu asilimia 9 nikeli. Vimondo vya jamii hii vikikatwa, vikang'arishwa na kupakwa asidi, hutokeza milia inayopishana, fuwele zilizokua polepole wakati joto likishuka kwa kipindi cha mamilioni ya miaka. Hakuna mhunzi anayeweza kuiga milia hiyo. Na kukata kwenyewe si mchezo: Oktoba 1930 mpima ardhi W. H. Nott alikitangaza kwa walimwengu, na muda mfupi baadaye mjiolojia wa serikali, D. R. Grantham, akashinda na msumeno wa mkono saa nyingi ili apate kipande cha sentimita 10 hivi. Wakati ule sehemu ya juu tu ndiyo ilionekana. Udongo ukachimbwa pembeni, ikaachwa nguzo chini yake, na leo unakizunguka pande zote.

Sasa shika hili, maana ndilo lililonifanya nipige kelele peke yangu. Dunia nayo iliyeyuka. Chuma chake kilizama, na dhahabu inapenda chuma, ikazama nacho. Kwa hesabu za baadhi ya wataalamu, dhahabu iliyo kiinini ingeweza kuifunika nchi kavu na bahari zote kwa kina cha karibu nusu mita. Basi machimbo yetu ya dhahabu ya Namoya yalitakiwa yasiwe na kitu! Maelezo yenye nguvu ni kwamba baada ya kiini kufungwa, visayari vilivyobaki viliendelea kutuangukia, na dhahabu yao ikakosa njia ya kuzama. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walipima mawe ya Greenland yenye karibu miaka bilioni 4 wakakuta dalili za mvua hiyo. Muda mrefu baadaye, maji ya moto ya chini ya ardhi yaliikusanya dhahabu katika mishipa ya mawe, na watu wa Kabambare wanaifuata huko kwa nyundo na tochi.

Kongo nayo ina sehemu yake ya vimondo: kimondo cha Essebi, kilichoanguka mwaka 1957, chenye kaboni nyingi, kimetoka kwenye mwili ambao haukuyeyuka hivyo. Uganda ina mawe ya Mbale ya Agosti 1992. Kijiwe kimoja kilipita kwenye mgomba kikamgonga kijana kichwani, asiumie. Navyo nitavitafuta.

Wamarekani, wao, Oktoba 2023 walirusha chombo kwenda asteroidi Psyche, yenye upana wa kilomita zaidi ya 200, kuangalia kama ni kiini cha kisayari kilichovuliwa nguo. Wataalamu wengine wanabisha. Chombo kinatazamiwa kufika 2029, tena kitazunguka tu bila kutua. Ndolezi, kwa nauli ya basi, unaweka mkono.