Kibao kinachosema "Nyumba ya Mwarabu"



Nimesoma ile rasimu ya vibao ambavyo vijana wetu wanataka kubandika kwenye nyumba za zamani za Lusangi. Wazo ni zuri, tena limechelewa. Kongo iko na maeneo 5 kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na Okapi. Yote ni pori na wanyama. Hakuna nyumba hata moja. Kwa hiyo nawaunga mkono. Lakini maandishi yenyewe nayakataa. Karibu kila kibao kinasema "Nyumba ya Mwarabu", kinaweka jina la bwana, basi.

Kwanza, nyumba ya udongo si nyumba ya mawe. Paa likitoboka na mvua ikaingia, ukuta unalainika na hauchukui miaka mingi kuanguka. Nyumba ikiwa bado imesimama, ujue kuna mtu aliyeisiriba, mwaka kwa mwaka. Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, aliondoka Maniema mwaka 1890 na akafia Zanzibar mwaka 1905. Tangu siku hiyo, nani amebeba maji na udongo? Mama zetu na bibi zetu. Kwenye rasimu hawamo.

Pili, nani alijenga? Nyumba ya Tippu Tip iko mpaka leo Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuandika mwaka 2000. Wageni wanapiga picha mlango wake wa kuchongwa. Pembe zilizomtajirisha zilitoka huku kwetu, kwa mabega ya watu wa huku. Wengi hawakurudi tena. Ndiyo maana kuna Wamanyema Ujiji na Dar es Salaam. Wengine walibaki hapahapa, wakafyatua matofali na kulima mpunga wa mabwana.

Hapa ndipo vijana waliogopa, na nawaelewa. Kaka yangu alipopeleka posa, mzee mmoja wa upande wa pili aliuliza kwa sauti ndogo: "Hao ni waungwana kweli?" Posa ilikufa pale. Bibi yangu alikuwa ametuambia mara moja tu, usiku, kwamba mama yake aliletwa kwa kamba. Hakurudia tena. Sasa kibao kikimtaja bwana peke yake, yule mzee anapata ushahidi wa ukutani: nyumba ina wenyewe, na sisi wengine ni wapangaji wa historia.

Mtaniambia tutaaibisha familia. Hapana. Sisemi tuandike ukoo wa nani ulikuwa mtumwa. Tuandike kazi: "Nyumba hii ilijengwa na watu walioletwa kwa nguvu. Inasiribwa na wanawake wa mtaa huu." Jina la bwana lifuate chini. Na neno "Mwarabu" tulipime, maana wengi walioitwa hivyo walikuwa Waswahili wa pwani, au watu wa huku waliovaa kanzu.

Tatu, na hapa ninasema kama mtu wa kilimo: alama si ukuta tu. Kasongo ya zamani ilitekwa na askari wa Dhanis tarehe 22 Aprili 1893, kisha mji ukahamishwa. Pale pa kwanza tunapaita Tongoni, na tongo ni mahali watu walipohama. Tongo unalijua kwa miembe na kwa udongo mweusi wenye majivu na taka za jikoni za miaka mingi. Ukuta ukishaanguka, mwembe unabaki kuwa shahidi. Nao upewe kibao.

Basi, kabla ya kununua mbao na rangi, twende kwanza kwa mabibi wachache waliobaki. Tukae barazani, tuulize nani alisiriba ukuta huu kabla yao, na kabla ya huyo nani. Bibi yangu mimi sikumuuliza mara ya pili, na sasa hayupo.