"Yaani" ya Tippu Tip na Jina la Emin

Orodha za watu mashuhuri hupenda kuwapanga watu kwa taifa na kwa nasaba: Waskoti wenye asili ya Kiyahudi, Wajerumani wenye asili ya Kiyahudi, na kadhalika. Sarufi ya fungu hilo la maneno inastahili kutazamwa kabla ya majina yenyewe. "Mwenye asili" huonekana kuimiliki asili yake kama mwenye nyumba anavyoimiliki nyumba, ilhali wengi waliomo katika orodha hizo hawakuulizwa. Muriel Spark, aliyezaliwa Edinburgh mwaka 1918 na baba Myahudi, alipata nafasi ya kujibu mwenyewe. Katika riwaya yake The Mandelbaum Gate (1965) mhusika mkuu, Barbara Vaughan, ni Mkatoliki aliye nusu Myahudi, na mgogoro wake wote ni kukataa kugawanywa na wanaomtazama.

Emin Pasha hakuipata nafasi hiyo, ingawa jina lake lingali hai hata Masako, hifadhi ya msitu iliyo kilomita zipatazo 14 kutoka Kisangani katika barabara ya zamani ya Buta, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani huchunguza wanyama. Mmoja wa wanyama wa msitu huo ni panya buku, ambaye wenyeji humwita motomba, na ambaye wanasayansi tangu 1910 wamemwandika Cricetomys emini. Aliyempa panya huyo jina lake alizaliwa Oppeln, Silesia, mwaka 1840, katika familia ya Kiyahudi, akaitwa Isaak Eduard Schnitzer. Baba alipofariki na mama kuolewa na Mkristo, mtoto alibatizwa Mlutheri. Baadaye akawa tabibu, akaingia katika utumishi wa Waturuki, akajiita Emin, na mwaka 1878 Gordon akamfanya gavana wa jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudani. Sikio la Mswahili husikia "amini" katika jina hilo, wala halikosei, kwani mzizi wa Kiarabu ni mmoja.

Waliomjenga shujaa huyu mbele ya wasomaji wa Uingereza walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu wa Uskoti. Robert Felkin, tabibu wa Edinburgh, alishiriki kuzihariri barua na kumbukumbu zake zilizotolewa kwa Kiingereza mwaka 1888. William Mackinnon, mzaliwa wa Campbeltown, aliongoza kamati iliyoutuma msafara wa Stanley kwenda kumwokoa. James Jameson, mzaliwa wa Alloa, alikuwa katika kikosi cha nyuma kilichobaki Yambuya. Barua zinazochapishwa wakati wa kuchangisha huruma na fedha haziwezi kusomwa kama tawasifu. Uteuzi wake tayari ni hoja. Naye Jameson, aliyetuhumiwa kununua kwa leso sita mauaji ya msichana mwaka 1888, akafa mwaka uohuo, alizusha mjadala mkali juu ya mwenendo wake na wa msafara. Alloa haikuulizwa kitu.

Matini ya Kiswahili inayogusa msafara huohuo ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe, iliyotolewa na Heinrich Brode huko Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, na tena na Whiteley katika miaka ya 1950. Anwani hiyo, iwe ni ya msimulizi au ya mhariri, ina ufundi ambao wahakiki wameupita haraka. Upande mmoja uko ukoo, upande wa pili liko jina la utani alilolipata katika vita, na katikati "yaani" inaviunganisha bila kukifuta kimojawapo. Ndivyo anavyosimulia pia: mwaka 1887 anapanda merikebu Madura pamoja na Stanley, anakwenda kuwa wali wa Stanley Falls, na kinachomshughulisha ni mkataba, baruti na wapagazi. Emin, ambaye hakuonana naye, ni mwisho wa safari ya watu wengine.

Haifai, hata hivyo, kuisifu "yaani" hiyo kupita kiasi. Msimulizi anayeshika neno lake mwenyewe anashika pia ukimya wake. Pembe na ushindi vimesimuliwa kwa fahari. Watu waliotekwa njiani hawapewi nafasi ya kusema walikuwa akina nani wala wa ukoo gani. Asili yao imefutwa kabisa kuliko ya Emin.

Emin naye aliandika. Shajara zake zilianza kutolewa kwa Kijerumani mwaka 1916, chini ya uhariri wa Franz Stuhlmann aliyesafiri naye, zikiwa zimejaa ndege, hali ya hewa na vituo vya njiani. Mwandishi wake anajieleza zaidi kwa anachokipima kuliko kwa alikotoka, na anayetafuta humo ungamo la Myahudi, la Mlutheri au la Mwislamu atachoka mapema. Aliuawa Oktoba 1892 huko Kinena, akielekea mto Kongo, kwa amri ya Kibonge wa Kirundu. Habari za saa zake za mwisho zilichapishwa mwaka 1895 na Mmarekani, R. Dorsey Mohun, kutokana na maungamo ya wauaji.